Gongo la Orest

Tangi la baba limelala juu ya miguu minne ya chuma
nyuma ya ghala, kama ng'ombe waliyemsahau kumkama.
Likijaa hushika lita elfu na mia moja.
Halijajaa tangu tumzike.

Leo tunahamisha. Garnet ameleta jipya, la kuta mbili,
lina dhamana, lina kibandiko cha moto uliopigwa mstari.
Amejikunja kandoni, mikono kwapani.
"Waya kwanza," anasema.
Najua. Waya wa ardhini kwanza, chuma kwa chuma,
maana Novemba ya Saskatchewan ni kavu
hata sweta ukiivua hutoa cheche.

Na mpira siunyonyi kwa mdomo.
Niliunyonya nina miaka tisa,
na uji wa juma zima ukawa na ladha ya trekta.

Kabla ya pampu, kipimo.
Kipimo chetu ni gongo la kaka yangu Orest,
la kuchezea kwenye barafu, lililovunjika akilia.
Baba alilichonga, akalikata alama kwa kisu:
mia, mia mbili, mia tatu,
zimebanana katikati, zimeachana kuelekea ncha,
kwa kuwa tangi lililolala lina kitambi
na kitambi humeza kingi kwa kina kidogo.

Mama ndiye aliyekuwa akipima.
Kila Jumamosi, hata upepo ukivunja masikio.
Utotoni mwake kwao walichoma viti,
wakachoma kitanda, wakabakiza meza
kwa sababu maiti ya bibi ilikuwa juu yake.
Basi hakulala bila kujua namba.
Aliingia jikoni na harufu ya dizeli viganjani:
"Metro, mia sita."
"Si nilikwambia, Paraska," baba hujibu, hainui kichwa.

Nalizamisha gongo. Linatoka limelowa hadi mia sita.
Ncha niliyoipaka dawa imegeuka nyekundu:
maji, upana wa kidole, yamelala chini
yakingoja kuganda kwenye chujio la mtu.
Nawasha pampu. Mita inazunguka.
Dizeli inapita ndani ya mpira, nzito, ya baridi,
unaweza kuisikia kwa magoti.

Mia nne na kumi, pampu inakohoa hewa.

"Tope," anasema Garnet. "Kutu. Maji."
Tope la lita mia na tisini?
Naligeuza gongo.
Alama ya mia, ambayo ingestahili kuwa mbali kuliko zote,
iko vidole viwili tu kutoka mwisho.
Na mwisho wenyewe haukuchongwa. Umekatwa msumeno,
tambarare, mweusi kwa mafuta ya miaka.

Ule mwaka wa mvua ya mawe.
Ngano ililala, benki ikaandika barua, ikaandika tena.
Usiku nilisikia madumu yakigongana uani
nikaambiwa ni ng'ombe anayekaribia kuzaa.
Tulikuwa na ng'ombe watatu. Walizaa majira yote ya baridi.
Lund, jirani, hakuwahi kutaja deni,
ila kila masika baba alilima shamba la Lund
kabla ya letu.

Garnet ananiuliza kama nina neno.
Nasema hapana, funga koki.

Mama yuko jikoni, anamenya viazi kwa kupapasa,
macho yake siku hizi ni maziwa.
Naliweka gongo mapajani pake.
Anapitisha kidole gumba kwenye alama, moja, moja,
hadi pale kwenye mkato. Kinatulia.

"Nilikiona kipande kwenye sanduku la kuni," anasema,
"asubuhi ile ile. Nilikichoma
kabla hajaamka, asije akajua nimekiona."

Kisha ananiuliza lile jipya linashika ngapi,
na nani sasa atalipima.