Kamani

Alikuja Kagehi kwa msimu mmoja tu:
atengeneze magobori kumi na tisa ya tajiri wa Unyanyembe,
achukue haki yake, arudi Winde
akamlipe Mhindi mkopeshaji reale thelathini na nne.
Mwinchande, fundi wa mitutu.
Tupa tatu, jiliwa moja, mvukuto wa ngozi ya mbuzi.

Ziwa alilionja siku ya kwanza.
Akatema. Akaonja tena.
Bahari gani hii, akamwandikia dada yake,
mtu anainywa mpaka kiu inakwisha
na mawimbi yanampiga usoni vile vile.

Mwaka mzima alisalimia "ng'wangaluka" jua likizama.
Watoto walimvizia njiani kwa ajili ya hilo tu.
Nyanzobe, muuza michembe, ndiye aliyemwambia:
"Ng'wadila, fundi. Asubuhi ilishapita."
Mahari ikawa ng'ombe saba
na jembe moja, alilolifua mara mbili,
maana mkwe aliligonga kwa ukucha, akasikiliza,
akatikisa kichwa.

Kisha likaja gobori la Luhende, mwinda viboko.
Kamani imekatika,
na chuma cha kufulia kamani huku hakuna.
Agizo likaondoka na msafara wa pembe,
likapita Unyanyembe, likakauka Ugogo,
likalala Mamboya mvua nzima.
Kwenda, miezi mitano. Kurudi, sita.
Kamani ilipofika, ndani ya kitambaa chenye mafuta,
ndogo kama ukucha wa kidole gumba,
Luhende alikuwa ameondoka na homa tangu mavuno.

Hakuna aliyekuja kuidai bunduki.
Mwinchande akakaa na kamani mkononi,
akiibonyeza, akiiachia.
Barua ya pwani ilisema deni sasa ni reale hamsini na mbili.
Ghalani panya walikuwa wanautafuna mtama wa Nyanzobe
kwa sauti, kama watu walioalikwa.
Akainuka, akatafuta ubao.

Mtego ule mimi nimeushika.
Ubao umebadilishwa, nadhani mara nne.
Misumari si yake.
Kamani ni ile ile.
Mama huutega nyuma ya gunia la mchele, Kirumba,
chini ya friji inayonguruma,
na usiku ukifyatuka, pa!
hafumbui hata macho.
Hugeukia ukutani, akahesabu:
"Reale moja."