Mkato

Simu hulia kabla mwadhini hajasafisha koo:
"Fundi, njoo. Wameingia."
Hawasemi nani. Huku njia ya Maweni
"wao" ni neno lenye watu wengi ndani yake.

Leo ni kwa Nyevu, kibanda cha kutengeneza simu,
palipokuwa na Mtaliano wa aiskrimu
kabla hajakata tamaa na Malindi, akatuachia
kibao chenye koni ya waridi na deni la stima.
Jirani yake alikuwa Bawazir, kitambaa kwa yadi,
aliyezipimia sare shule tatu bila kuandika popote;
sasa pale vijana wanabeti mbio za mbwa
wa nchi wasizozijua,
tiketi zimezagaa mlangoni kama maganda ya njugu.
Mwisho wa safu, muguka.
Usiku na mchana, halina mlango duka lile,
na halijawahi kuibiwa.

Mimi niko katikati, na mashine yangu ya kuchomelea.
Usinihurumie. Nimenenepa mwaka huu.
Kila kufuli likikatwa, binti yangu Dhahabu
anasogea muhula mmoja mbele kule chuoni Kilifi.
Nimevalisha chuma maduka kumi na tisa,
madirisha yote, hata vitundu vya kupitishia hewa,
hadi Bi Mwanakhamisi wa mahamri akaagiza kizimba.
Siku hizi hapokei mteja, anapokea mkono tu,
unaingia na noti, unatoka na mawili ya moto.
"Fundi," aliniambia, "niliyefungwa ni mimi. Mwizi yuko nje."
Nikacheka. Nikampunguzia mia mbili.

Nyevu amekaa juu ya kreti ya soda.
Hajalia. Anahesabu vidoleni vilivyokwenda:
simu kumi na moja za wenyewe,
feni, kitabu cha madeni.
"Kitabu cha nini, jamani?
Si hata wao wamo humo?"
Watu wamejaa, kila mmoja na mwizi wake kichwani:
wa bara, wa Kisumu Ndogo, mume aliyeachwa, mlinzi
anayelindwa na usingizi.
Askari anaandika. Kalamu haitoi wino. Anaandika tu.

Nikainama penye komeo.
Mwizi mgeni huvunja: mtaimbo, na ukuta unachubuka.
Huyu amekata.
Diski nyembamba, kutoka chini kwenda juu,
akasimama nusu, akaacha chuma kipoe,
akamalizia upande wa ndani ili cheche zisionekane barabarani.
Kisha akachukua tupa, akalainisha ncha.
Wizini, usiku, akalainisha ncha,
mtu asije akakwaruzwa mkono asubuhi.

Chengo nilimfundisha mimi hivyo.
Miaka miwili tulipokezana miwani moja.
"Kazi chafu haina mwenyewe," nilizoea kumwambia,
"kazi safi ina jina hata usipoliandika."
Januari nilimwambia apumzike kidogo.
Hapakuwa na kazi ya watu wawili;
wakati ule wizi ulikuwa bado haujatosha.

"Fundi," askari akasema, "wewe mtaalamu. Unaona nini?"
Niliona kidole kikipapasa gizani,
kikihakikisha hakuna atakayeumia.
"Naona kufuli la Kichina," nikajibu.

Wakacheka, wakatawanyika, kila mtu na mwizi wake.
Nyevu hakucheka. Alikuwa ameokota kile kipande,
anapitisha kidole palipolainishwa,
mbele, nyuma,
mbele.

"Mlango mpya bei gani?"
Nikataja nusu.
"Mbona rahisi hivyo leo, fundi?"

Nikavaa miwani, na mchana wote ukawa mweusi.