Muhuri wa Tarehe

Jalada lake lilikuwa chini ya majalada ya chanjo ya ng'ombe,
masjala ya Tabora, kabati la tatu, lile lisilofungika.
Panya walikuwa wamekula kona,
wakaacha jina: Koplo Luhende Msavya, Usoke.

Mguu wa kushoto, chini ya goti.
Bomu la kutegwa, vita vya Kagera.
Daktari wa kwanza aliandika: asilimia hamsini.
Wa pili, ambaye hakumwona, aliandika: ishirini.
Wa tatu aliuliza kwa kalamu nyekundu
kama ulemavu bado upo.

Bado upo.
Nani alidhani mguu huchipua
kama kisiki cha mninga baada ya mvua?

Nilikuwa na miezi minne kazini.
Nilifundishwa maneno matatu kabla ya kuonyeshwa choo:
linashughulikiwa, njoo Jumatatu, mtandao uko chini.
Nimeyasema yote. Niliyamwambia yeye,
dirishani, mwezi wa nane, bila kuinua uso.
Nilisikia tu gongo likiondoka,
tok, kimya, tok, kimya.
Ule ukimya wa katikati ndio mguu.

Ana mwenzake, Nkwabi wa Sikonge.
Bomu moja, asubuhi moja, machela moja,
kwa kuwa ya pili ilikuwa na maiti.
Nkwabi alikuwa na shemeji makao makuu.
Nkwabi analipwa tangu themanini na moja.
Hana kosa. Kila msimu wa kurina
humletea Luhende debe la asali,
wakaa, wanywa chai, na fedha hawaitaji.

Nimesoma barua zake zote kumi na saba.
Ya kwanza ina "Mheshimiwa" na mistari iliyonyooka.
Ya tisa ina hesabu: nauli ya treni, malazi,
picha mbili za uso,
picha moja ya mguu usiokuwepo. Waliitaka.
Ya kumi na saba ni mstari mmoja:
Niko hai. Mtaniambia lini?

Bosi anasema waraka mpya uko njiani:
kipimo kimoja kwa wote, majibu ndani ya siku sitini.
Nataka kuamini. Lakini malimbikizo, kwetu,
huhesabiwa tangu siku muhuri ulipogonga karatasi,
na karatasi yake haikugongwa.
Ilipokewa kwa mkono, ikatuliwa kikombe.
Duara la chai lipo mpaka leo, la kahawia,
kama muhuri, ila halina tarehe.

Basi Ijumaa nilifanya kosa.
Nilitia muhuri wa ofisi mkobani,
nikaufunika kwa vitunguu,
nikapanda gari la Usoke.

Nilimkuta akifunga majani ya tumbaku ya jirani,
kibarua cha mtu wa kukaa.
Uso wangu hakuujua. Nilipoamkia, aliijua sauti.
"Wewe ndiye Jumatatu," alisema.

Sikuwa na la kujibu. Nikatoa fomu.
Kidau cha wino kilikuwa kimekauka njiani;
mkewe akakidondoshea maji ya mtungini.
Nikalishika gurudumu la miaka kwa ukucha,
nikalirudisha nyuma: ishirini na moja,
kumi na nane, kumi na tano.
Likakwama.
Aliyelitengeneza hakuweka themanini na moja.

Luhende akanyoosha mkono, akautwaa muhuri,
akaugeuzageuza taratibu, kwa mbali kidogo na kifua,
kama mtu aliyewahi kushika vitu vinavyolipuka.

"Gonga ya leo," akasema.
"Halafu chini yake andika, kwa mkono wako,
ulichokikuta."

Nikaandika: panya, madaktari watatu, kikombe.
Nikaandika dirisha, na sauti iliyokuwa dirishani.
Ukurasa ukajaa, nikageuza.
Mwisho nikatia jina langu, lote, herufi kwa herufi,
si ule mkwaruzo ninaoutumia kazini.
Mkewe akaniuliza kama wataniachisha kazi.
Luhende alikuwa ameshasogea kwenye tumbaku yake.
"Muache amalize," akasema.