Shingo Haimo Daftarini

Faki anataka gari la dizeli.
Pikapu ya Mbarouk, nyeupe, mlango wa kushoto
umeota kutu pale chumvi ilipolala.
Milioni kumi na nne, na mazungumzo yapo.
Kigari cha petroli cha yule mwalimu wa Bopwe, kumi na moja.
Nikamwambia: kaa kitako, nipe daftari.

Mimi ni karani wa kituo cha karafuu.
Mwaka wa tisa huu nasoma mshale wa mizani
na najua watu huufanyia nini:
kokoto ndani ya gunia, makonyo chini, karafuu juu,
kidole gumba kinachoegemea kama hakipo.
Basi usinionyeshe upande mmoja, Faki.

Upande wako, haya, nauandika kwanza.
Tangi la dizeli litakupeleka Chake na kukurudisha mpaka uchoke;
la petroli litakulilia njiani kama mtoto mwenye kiu.
Kilima cha shuleni, magunia kumi na mbili nyuma,
pikapu hupanda kwa gia ya pili, inanguruma polepole
kama mtu anayekula na hana haraka.
Na injini hizo, wasema, humzika mwenyewe.

Sasa wangu.
Pampu ya Mbarouk ilikufa Ramadhani iliyopita.
Spea ilitoka Dar, ikalala Unguja siku nne,
ikashuka Mkoani na bei ya mahari.
Nozeli nne. Filta kila inapotakiwa, si kila unapokumbuka.
Na dizeli ya madumu, ile ya nyuma ya duka la Sleyum,
ina maji: wewe huyaoni, injini huyaona.
Kabla ya alfajiri itakohoa dirishani kwangu
na moshi wake utaanza na kanga nilizoanika.

Halafu hili, ambalo fundi hakukwambia:
dizeli ni gari la masafa.
Hulipa deni lake barabarani, kilomita kwa kilomita,
na sisi tuna kisiwa.
Injini haijapata moto vizuri, tushafika.
Toka Mkoani mpaka Konde, geuza, rudi,
bahari itakusimamisha huku na huku
na ile tofauti ya milioni tatu
bado imekaa kiti cha pembeni, inakutazama.

Wala mkarafuu hauzai kwa sababu una gari.
Mwaka wa vuno, safari nne kwa siku, sawa.
Mwaka mtupu litakuwa banda la kuku
lenye bima na leseni.

Nikajumlisha. Nikarudia kwa kalamu nyekundu.
Mshale ukalala kwa petroli.
Faki hakubisha. Alinawa mikono,
akaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa ameshafungwa.

Usiku usingizi ukanikataa.
Nililiacha gunia moja nje ya mizani, na nililijua.

Kabla ya ukarani nilikuwa mchukuzi wa mama yangu.
Kutoka shambani hadi majamvini, karafuu mbichi kichwani,
kilima kile kile, mara sita, jua la saa nane.
Pishi ngapi? Hakuna aliyeandika.
Mpaka leo nikitoa salamu mwisho wa sala,
kulia, kisha kushoto,
shingo hulia kama bawaba.

Buti la mwalimu hubeba magunia mawili.
Yaliyobaki yatatafuta kichwa cha mtu,
na Chumu wetu ana miaka kumi na mmoja.
Juzi nilimwona amesimama mbele ya gunia,
analipima kwa macho.

Nikawasha taa. Nikafungua daftari.
Upande wa dizeli nikaongeza neno moja, bila bei.
Jumla sikuifanya tena.

"Faki," nikamwamsha, "asubuhi nenda kwa Mbarouk.
Anza na kumi na mbili, usipite kumi na tatu.
Na dumu la Sleyum nikiliona uwani hapa,
utalala nalo."