Dhiraa Mbili na Shibiri

Upana: dhiraa mbili na shibiri.
Urefu: hatua sita za mama, za zamani.
Tangu nyonga ivunjike tunahesabu kumi na moja.

Fundi Lali Bunu alipima mara tatu,
kwa futi ya chuma, kwa kamba, kisha kwa mkono wake,
kana kwamba ukuta ungemwonea haya
ukasogea.
Haukusogea. Ni matumbawe, unene wa dhiraa nzima,
na ng'ambo yake analala Bi Mwanakheri
ambaye tukigonga, naye hugonga.

"Usinilaumu mimi, laumu boriti," alisema Lali.
"Boriti ilipokoma, chumba kilikoma.
Wazee walijenga pa kulala, pa kupokea wageni, pa kuoshea maiti,
kilichosalia wakakiita choo."

Nilikuwa na daftari la hesabu.
Nikachora choo cha kukaa, mwisho kabisa, chini ya tundu la hewa;
bomba la mvua katikati; birika libaki pembeni lilipo;
na sinki.
Sinki nililichora mara nne, nikalifuta mara nne,
hadi karatasi ikatoboka pale.

Maana kaka yangu Shekuwe alikwisha kulituma kutoka Mombasa.
La mguu mmoja, jeupe kama jino la bandia.
Lilishuka gatini limefungwa godoro,
likapanda punda wa Famau, na uchochoroni Mkomani
watu wakarudi kinyumenyume kulipisha.
Tukaliingiza. Likakaa
kama mgeni aliyeketi kizingitini mwa jiko:
huwezi kupita, huwezi kumwambia aondoke.

Siku zote hizo mama alinyamaza kitandani.
Siku ya tano akaitisha fimbo.
Akalitazama.
"Wa mguu mmoja," akasema, "natosha mimi."

Kisha akaniachia fimbo, akafungua mikono.
Haikufunguka yote. Viwiko vingali vimekunjwa
viganja vikapata ukuta kulia, ukuta kushoto.
Akaenda. Kiganja, hatua, kiganja,
kama mtu anayevuka barabara
katikati ya wanawe wawili watu wazima.
"Mnanipanulia nini? Upana ndio ulioniangusha."
Kweli. Alianguka ukumbini,
penye nafasi ya kuchezea vugo.

Basi nikafuta.
Kioo kikubwa cha kudanganya macho, toka.
Rafu za plastiki, toka. Vigae vinavyong'aa, toka na mjomba wako.
Sakafu iwe saruji iliyopigwa ufagio ingali mbichi,
iinamie tundu taratibu, maji yajue njia bila kuelekezwa.
Mlango ufungukie nje,
kwani aangukaye nyuma ya mlango wa kufungukia ndani
huufunga kwa mwili wake.
Kidaka kimoja cha sabuni na dodoki,
kimoja cha taa, juu, kisifikiwe na rasharasha.
Na badala ya vyuma vya dukani
Lali achimbe mfuo ukutani, pande zote mbili,
kina cha vidole vinne,
kisha aupake niru mpaka uteleze kama ndani ya kombe.

"Juu kidogo," mama akaagiza kutoka kwenye kigoda.
"Hapo ni pa mtu mfupi."
"Wewe ni mfupi, mama."
"Nilikuwa mrefu juzi tu."

Samaki wawili wa birika, wala viluwiluwi vya mbu,
nimewahamishia kwenye ndoo ya rangi.
Wanaizunguka, wanaizunguka.
Bakuli la kaure walilozoea kujifichia maji yakipungua
limebaki chini ya birika tupu, lina ufa, lina jani la mwarobaini.

Sinki liko uani. Paka amezalia humo.
Shekuwe akapiga simu: "Limekaaje?"
Nikamwambia limepata wenyewe.

Leo patasi ilipoingia ukuta wa kushoto
Bi Mwanakheri akagonga, mara tatu.
Mama akainua fimbo, akagonga mara moja.
Kimya. Kisha kule ng'ambo, kicheko.
Sijui waliambiana nini.
Lali akapuliza vumbi, akaendelea kuchimba.