Safu ya Tano

Bogumił ana kanda mia nne na daftari la mistari,
theluji ya Łódź imeziba dirisha la jikoni.
Jina la filamu, mwaka, dakika, lugha:
safu nne hazina ugomvi.
Ya tano ndiyo inayopoza chai yake.

Lebo. Ya nani?
Aliyeitoa kanda hii alifilisika,
akanunuliwa na jirani, jirani akamezwa na mkubwa,
kila mmoja kabandika karatasi juu ya karatasi ya mwenziwe.
Anabandua kwa ukucha: nyekundu, chini yake buluu,
chini ya buluu gundi tu, na unywele.

Anampigia dada yake.
"Andika wa mwisho," asema Wiesława, "ndiye mwenye mali."
"Na wewe je, wa waume watatu?
Katika kitabu changu cha simu
bado unakaa chini ya jina la baba."
Kimya. Sahani zagongana upande wa pili.
"Basi niandike kwa penseli."

Anachonga penseli.
Kanda inayofuata haina kampuni, ina mwandiko wa mama,
USIFUTE,
na ndani yake dakika tisini za utabiri wa hali ya hewa.

Kwa penseli, katika safu ya tano,
ananakili: usifute.