Kusikia Mwanga

Chumba cha chini kabisa, hospitali, Dundee.
Jeli ya baridi titini. Catriona ananivika miwani,
anaeleza: leza inamulika, damu inapata joto kidogo,
inashtuka, inalia, na kifaa chake kinausikia mlio.
Umeelewa?

Nimeelewa, binti. Kwetu tunasikia harufu ya vitunguu,
tunasikia njaa, tunasikia baridi kama hii.
Mwanga tu ndio ulikuwa bado.

Tik tik tik.
Asema ngozi yangu, kwa weusi wake,
inadakia maneno kabla ya damu;
anarekebisha, anajaribu tena.

Mishipa yajichora kiooni, myembamba,
isipokuwa pembeni, ambako imesongamana.
Anarudi hapohapo. Mara ya tatu.
Hasemi kitu.

Kimya hicho nacho nakisikia,
mpaka vidoleni.